Sheria ya jinai au sheria kama fasihi: njia ipi kwa tasnifu yako?

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, swali hili hurudi. Mwanafunzi anapenda sheria ya jinai, somo lenyewe amelifaulu vizuri, na moyoni bado ni mtu wa riwaya. Amesikia kwamba kuna wanazuoni wanaosoma hukumu za mahakama kwa jicho la mhakiki, na kwamba kazi zao huchapishwa kwenye majarida ya sheria yenye heshima. Sasa anajiuliza: aandike tasnifu ya jinai ya kawaida, ya vipengele vya kosa na utetezi wake, au ahamie huku kwa wasimulizi?

Namwandikia mtu huyo. Niseme mapema ninakoegemea. Kama tatizo lako liko kwenye kanuni, kaa kwenye jinai. Kama liko kwenye namna mambo yalivyosimuliwa hadi kanuni ikaonekana inaenea sawasawa, hapo fasihi ina kazi ya kufanya. Wengi huchagua kwa kuangalia wanachopenda kusoma wakiwa mapumzikoni, na hicho ni kigezo dhaifu.

Kwanza tusichanganye mambo

Watu husema "sheria na fasihi" kwa pumzi moja, lakini humo ndani mna kazi mbili tofauti. Kuna sheria katika fasihi, ambapo unachukua riwaya au tamthilia yenye uhalifu, kesi au adhabu ndani yake, ukaichambua kwa macho ya mwanasheria. Halafu kuna sheria kama fasihi. Hapa unachukua maandishi ya sheria yenyewe (hukumu, hati ya mashtaka, maelezo ya mshtakiwa aliyoyatoa polisi) ukayasoma kwa zana za uhakiki: msimulizi ni nani, kisa kimeanzia wapi, nani hakupewa sauti, tamathali ipi imebeba hoja ambayo mantiki peke yake isingeibeba.

Ile ya kwanza ina umri mkubwa. John Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi wa Marekani, alichapisha mwaka 1908 orodha ya riwaya ambazo mwanasheria anapaswa kuwa amezisoma. Ya pili ina mzizi mmoja kwa jaji Benjamin Cardozo, aliyeandika mwaka 1925 kuhusu mitindo ya uandishi wa hukumu, ila ilipata umbo la taaluma mwaka 1973, James Boyd White alipotoa kitabu kinene cha kuwafundisha wanafunzi wa sheria kusoma na kuandika wakijua kwamba lugha ndiyo malighafi yao.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano karibu naye. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Utetezi wa Karama ni masimulizi: siku baada ya siku anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mema, wakaishia gerezani. Anayefanya sheria katika fasihi ataona humo mjadala mzima kuhusu dola inayoogopa raia wanaoijua sheria. Mtu wa jinai atauliza swali moja kavu: kosa ni lipi hasa, na limeandikwa wapi? Atakuwa amegusa kanuni kwamba hakuna kosa bila sheria iliyotangulia kulitaja, na atakuwa na haki ya kuuliza. Anayefanya sheria kama fasihi atachukua kutoka kwa Karama wazo moja tu, kwamba utetezi waweza kujengwa kwa visa vya watu wengine, kisha ataiacha riwaya na kwenda kulitafuta wazo hilo kwenye majalada ya kesi za kweli.

Nayasema haya kwa sababu tasnifu dhaifu kuliko zote katika eneo hili huwa za aina moja: muhtasari wa riwaya kurasa arobaini, kisha kurasa kumi za kusema kwamba riwaya hiyo inaonyesha umuhimu wa haki. Kama hilo ndilo unaloliona kichwani mwako, rudi kwenye jinai leo hii.

Hata hivyo sheria katika fasihi ikifanywa vizuri hufundisha. Susan Glaspell alikuwa mwandishi wa habari Iowa, na ndiye aliyeripoti kesi ya mwanamke aliyetuhumiwa kumuua mumewe kwa shoka usiku wamelala. Mwaka 1916 alikigeuza kisa hicho kuwa tamthilia fupi. Wanaume wa sheria wanapanda ghorofani kutafuta ushahidi. Wake zao wanabaki jikoni, na kwenye kisanduku cha ushonaji wanamkuta ndege aliyevunjwa shingo. Wanaelewa papo hapo ndoa ile ilikuwaje na sababu ya mauaji ni ipi. Wanamficha ndege. Kwa mwanafunzi wa jinai, hapo kuna maswali mawili yenye uzito: ni jambo gani huhesabiwa kuwa ushahidi na nani aliyefunzwa kuliona, na je, hasira iliyojengeka kwa miaka inaweza kuwa utetezi? Sheria ya Uingereza kwa muda mrefu ilidai kwamba aliyekasirishwa awe ameshindwa kujizuia kwa ghafla. Mwaka 1992, katika kesi ya Ahluwalia, mwanamke aliyemuua mumewe baada ya miaka ya mateso, mahakama ilishikilia sharti hilo, ingawa rufaa yenyewe ilifaulu kwa hoja nyingine. Bunge ndilo lililoliondoa neno hilo la ghafla, kwa sheria ya 2009. Tamthilia ilikuwa imeuliza swali miaka 93 kabla. Haikuandika kifungu, na hakuna aliyeitaka iandike.

Boti moja, wasomaji wawili

Tofauti ya njia hizi huonekana vizuri zaidi zikiwekwa juu ya kesi ileile. Nachagua ya Dudley na Stephens ya mwaka 1884, ambayo kila aliyesoma jinai katika mfumo uliotokana na sheria ya Kiingereza ameshakutana nayo.

Mashua ya Mignonette ilitoka Uingereza kwenda Sydney na watu wanne. Ilizama Atlantiki ya kusini Julai 5. Wanne hao walibaki kwenye kiboti kidogo, na makopo mawili ya mboga, bila maji ya kunywa. Walimkamata kasa mmoja wakamla. Siku ya 20, nahodha Dudley akiafikiana na Stephens alimuua Richard Parker, kijana wa miaka 17, aliyekuwa amelala hoi kwa njaa na kwa kunywa maji ya bahari. Wa nne, Brooks, hakukubali, ingawa naye alikula. Siku nne baadaye meli ikawaokoa.

Mtu wa jinai ana swali lake tayari: je, ulazima, yaani kutenda kosa ili kuepuka baya kubwa zaidi, ni utetezi kwa kosa la kuua? Lord Coleridge, Jaji Mkuu, alijibu hapana. Wawili wale walihukumiwa kifo, na adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi 6. Kutoka hapo mtafiti anafuata uzi. Mwaka 1987, katika kesi ya Howe, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo ilisema kwamba hata kutishiwa maisha hakumtetei aliyeua. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliruhusu madaktari watenganishe mapacha walioungana, wakijua kwa hakika kwamba mmoja atakufa. Kule Marekani, rasimu ya mfano ya sheria ya adhabu ya 1962 iliweka utetezi wa kuchagua baya dogo na haikuliondoa kosa la kuua katika utetezi huo. Kazi ya mtafiti ni kusema kama nukta hizi zinaweza kukaa kwenye mstari mmoja, na kama haziwezi, ipi ivunjwe. Ni kazi ngumu na safi. Mwishoni unajua umefanikiwa au la.

Msomaji wa fasihi anaanzia kwingine kabisa. Anauliza habari za boti zimetufikiaje. Zimetufikia kwa uamuzi maalumu wa jopo la raia waliosikiliza kesi, ambao walieleza yaliyotokea bila kusema kama watu wale wana hatia, wakawaachia majaji neno la mwisho. Ndani ya maelezo hayo Parker anatajwa kama mtoto wa kiume, na inaelezwa kwamba hakuwa na uwezo wa kupinga wala hakukubali kuuawa. Hicho ndicho kitu pekee ambacho maandishi yanatuambia kuhusu matakwa yake, nacho kimeelezwa kwa ukanushi.

Kisha hukumu yenyewe. Vitabu vya wanasheria wa kale vilikuwa vimesema machache kuhusu ulazima, na kwa kupingana. Pale ambapo mamlaka hayo yalikwisha, Coleridge aliita washairi. Alinukuu utenzi wa Milton, mahali ambapo anayetoa ulazima kama kisingizio ni Shetani mwenyewe. Akawataja Horace, Juvenal, Cicero na Euripides kuwa wametufundisha wajibu wa kufa kwa ajili ya wengine. Na akakiri, kwa sentensi ambayo haisahauliki ukishaisoma, kwamba majaji mara nyingi hulazimika kuweka viwango wasivyoweza kuvifikia wao wenyewe. Mtu wa jinai huzipita aya hizo haraka kwa kuziona pambo. Msomaji wa fasihi anadai kwamba pambo hilo ndilo lililofanya kazi, na dai lake linaweza kupimwa: ondoa washairi na mifano ya ushujaa, soma kilichobaki, uone kama hitimisho bado linasimama kwa miguu yake. Mimi naona linasimama, ila kwa shida zaidi kuliko vitabu vya kufundishia vinavyokubali.

(Kuna kisadfa ambacho wanafunzi hukipenda mno: katika riwaya ya Edgar Allan Poe ya 1838, baharia anayeliwa na wenzake baada ya kupigiwa kura anaitwa Richard Parker. Kinasisimua, na hakithibitishi chochote. Usikiweke kwenye utangulizi.)

Mpaka wenyewe si ukuta. Mwaka 1949 Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria, alichapisha kwenye jarida la sheria la Harvard kesi ya kubuni ya wachunguzi wa mapango waliofukiwa, wakamla mwenzao, na hukumu za majaji watano wasiokubaliana. Mmoja anajitoa, kura za wanne waliobaki zinafungana, na hukumu ya kifo inabaki palepale. Kwa umbo ni hadithi tupu, na bado ni mojawapo ya maandishi ya jinai yanayofundishwa sana duniani.

Kisa kimeanzia wapi

Kama ningepewa nafasi ya kumwonyesha mwanafunzi makala moja tu kabla hajachagua, ingekuwa ile ya Mark Kelman ya 1981, iliyotoka kwenye jarida la sheria la Stanford. Kelman hakujiita mhakiki wa fasihi. Alichofanya ni kuwauliza wanasheria wa jinai swali ambalo mwalimu wa usimulizi angewauliza.

Tazama kesi mbili. Alabama, 1944: polisi wanamkamata mlevi nyumbani kwake, wanampeleka barabara kuu, naye huko anapiga kelele na kutukana. Anatiwa hatiani kwa ulevi hadharani. Mahakama ya rufani inafuta hukumu hiyo, kwa kuwa hakufika pale kwa hiari yake. New York, 1956, kesi ya Decina: dereva mwenye kifafa anapoteza fahamu akiwa kwenye usukani, gari linaua watoto wanne. Wakati wa ajali mwili wake haukuwa chini ya hiari yake hata kidogo. Mahakama inasema mashtaka yana msingi, kwa kuwa aliingia garini akijua hali yake.

Kanuni ni ileile katika kesi zote mbili: hakuna kosa bila tendo la hiari. Kilichobadilika ni ukurasa wa kwanza wa kisa. Alabama walirudi nyuma hadi polisi walipombeba yule mtu, wakaishia hapo. Hawakurudi hadi alipoanza kunywa, jambo alilolifanya kwa hiari yake. New York walirudi nyuma hadi dereva alipowasha gari. Wangetazama sekunde za ajali peke yake, asingekuwa na kesi ya kujibu. Hoja ya Kelman ni kwamba kuchagua mwanzo wa kisa hufanyika kabla ya hoja ya kisheria kuanza, mara nyingi bila kutajwa, na kwamba hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa.

Mtu wa jinai ana jibu. Atasema tofauti iko kwenye ujuzi: dereva alijua hatari yake mapema, yule mlevi hakuweza kujua kwamba polisi watamtoa nje. Jibu hilo lina nguvu, na linaziokoa kesi hizi mbili. Lakini halituambii ni lini mahakama inapaswa kurudi nyuma na ni lini isirudi. Mtoto aliyelelewa kwenye mapigo akaja kuua, kisa chake huanzia siku ya mauaji. Mfanyabiashara aliyepuuza maonyo akasababisha vifo, cha kwake huanzia siku ya onyo la kwanza. Ukilifuatilia hilo katika hukumu ishirini za kosa moja katika nchi moja, una tasnifu, na ni ya jinai na ya fasihi kwa wakati mmoja. Binafsi ndiyo ninayoitamani kuliko zote.

Kazi yenyewe ikoje

Anayeandika jinai ya kanuni ana njia iliyokanyagwa. Ana sheria, ana kesi, ana ripoti za tume za kurekebisha sheria, na ana wazee wa somo: Glanville Williams kuhusu misingi ya jumla ya jinai, 1953, H. L. A. Hart kuhusu adhabu na uwajibikaji, 1968. George Fletcher aliyeitazama upya jinai nzima, 1978. Msimamizi anajua anatafuta nini kwenye sura ya pili. Mtahini anajua pia. Hatari yake ni moja, nayo ni ya kila mara: kuandika upya kitabu cha kufundishia kwa maneno mengine. Kinga yake ni kuwa na swali ambalo mahakama mbili zimelijibu tofauti, au ambalo bunge limelijibu vibaya.

Anayeandika sheria kama fasihi atasoma vitu vichache, mara nyingi zaidi. Si ajabu kukaa wiki kadhaa na hukumu moja ya kurasa ishirini. Atahitaji nadharia ya usimulizi iliyokaa sawasawa. Maneno kama "masimulizi" na "sauti" yakitumika ovyo hayasemi kitu, na mtahini kutoka idara ya fasihi atayabaini aya ya kwanza. Mara nyingi atahitaji wasimamizi wawili ambao hawajawahi kukaa meza moja. Na atalazimika kuijua jinai barabara hata hivyo. Hili halisemwi vya kutosha. Huwezi kuonyesha kwamba jaji amelaza hoja yake juu ya sitiari kama huna uwezo wa kusema hoja ya kisheria bila sitiari ingekuwaje. Anayekimbilia fasihi kwa kuogopa vifungu hukutwa na vifungu vikimsubiri huko huko.

Kuna jambo la kiadili pia, zito zaidi upande wa fasihi. Ukimsoma mshtakiwa kama mhusika, ni rahisi kusahau kwamba ni mtu. Robert Cover alilisema hili mwaka 1986 kwa makala inayoanza na kauli kwamba ufasiri wa sheria hufanyika katika uwanja wa maumivu na kifo. Mhakiki akikosea kusoma shairi, shairi linabaki. Jaji akimaliza kusoma, kuna mtu anapelekwa gerezani, na kuna watumishi wa dola wanaosubiri neno lake ili wamchukue. Richard Posner, jaji na mwanazuoni, alishambulia kutoka pembe nyingine mwaka 1988: fasihi inayohusu kesi kwa kawaida haihusu sheria hasa, ila hali ya binadamu, na mbinu za kufasiri mashairi hazihamishiki kwenda kwenye sheria zilizotungwa na bunge. Sikubaliani naye kuhusu hukumu, ambazo ni maandishi ya kushawishi kwa kila hali. Kuhusu vifungu vya sheria nadhani alikuwa karibu na ukweli. Usipoteze sura nzima ukitafuta sitiari kwenye kifungu cha wizi.

Nani atakusikiliza

Hapa mizani inalala upande wa jinai waziwazi. Mwaka 1985, katika kesi ya Anderton na Ryan, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtu anayeamini ametenda kosa, kumbe jambo lenyewe halikuwezekana kuwa kosa, hana hatia ya kujaribu. Glanville Williams aliuponda uamuzi huo kwenye jarida la Cambridge bila kupaka mafuta. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Shivpuri, mtu aliyedhani amebeba dawa za kulevya wakati alibeba unga usio na madhara, mahakama ileile ilijigeuka. Lord Bridge, aliyekuwa miongoni mwa walioamua vibaya mara ya kwanza, alikiri kwamba alikuwa ameisoma makala ile, kwamba lugha yake haikuwa ya upole, na kwamba ingekuwa upumbavu kutotambua nguvu ya ukosoaji wake. Mwaka mmoja! Hali kadhalika kesi ya watoto wawili, wa miaka 11 na 12, waliochoma magazeti nyuma ya duka na moto ukateketeza mali ya takriban pauni milioni 1: mwaka 2003 mahakama ilipofuta kipimo cha kutojali hatari kilichowekwa mwaka 1981, kipimo kilichompima mtoto kwa akili ya mtu mzima, jaji Lord Bingham alitaja ukosoaji wa wanazuoni kuwa moja ya sababu.

Sheria kama fasihi haina ushindi wa namna hiyo wa kuhesabika. Mfano wa karibu kabisa ni wa Derek Bentley, kijana wa miaka 19 asiyejua kusoma wala kuandika vizuri, aliyenyongwa London Januari 1953 kwa mauaji ya polisi yaliyofanywa na mwenzake. Polisi walidai kwamba maelezo yake ya kukiri aliyatoa mwenyewe, kwa mfululizo, bila kuulizwa maswali. Mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maelezo hayo sentensi kwa sentensi, akaonyesha kwamba mpangilio wake unafanana na uandishi wa polisi kuliko usemi wa kijana yule, na kwamba ndani yake kuna majibu ya maswali yaliyofutwa. Mwaka 1998 hukumu ilitenguliwa. Lakini ukisoma sababu za mahakama, kilichobeba uzito mkubwa ni jinsi jaji wa awali alivyowaelekeza vibaya wale raia waliosikiliza kesi. Yaani uchambuzi wa maandishi ulikuwepo, ila kanuni ya zamani kuhusu kesi ya haki ndiyo iliyofungua mlango.

Kwa hiyo ukitaka kuandika ili jaji abadilishe mawazo, andika jinai. Upande wa fasihi wasomaji wako watakuwa wengine: walimu, wahariri wa majarida, watu wa historia, waandishi wenyewe. Ni wengi kwa idadi na wametawanyika, na watakusoma hata sheria uliyoichambua ikishafutwa.

Ningekushauri hivi

Anayejiandaa kwa uwakili au ofisi ya mashtaka, shahada ya kwanza aandike jinai ya kanuni, swali moja jembamba: jaribio la kosa, kushiriki kosa la mwingine, ulevi kama utetezi. Aisome hukumu ya Dudley yote, pamoja na mashairi yake, kwa faida yake mwenyewe. Anayekwenda kwenye ualimu wa chuo au shahada ya uzamili yenye muda, na ambaye tayari anaweza kueleza tofauti ya kukusudia na kutojali hatari bila kufungua kitabu, aingie kwenye sheria kama fasihi, na aanze na maelezo ya kukiri au na mwanzo wa kisa. Ni maeneo ambayo maandishi yapo, yanapatikana, na jinai yenyewe inahitaji msaada. Sheria katika fasihi ningemwachia mwenye msingi wa idara ya fasihi, au mwenye riwaya moja ambayo inabishana na kanuni fulani inayotajika kwa jina.

Kama bado hujui, fanya jaribio la jioni moja. Chukua hukumu yoyote ya mauaji iliyo wazi kwa umma. Andika ukurasa mmoja wa kanuni: kosa, vipengele, utetezi, mahali mahakama ilipoteleza. Kisha andika ukurasa wa pili wa usimulizi: kisa kimeanzia wapi, nani anazungumza, nani ametajwa bila kuzungumza. Mpe mtu asiyekujua asome kurasa zote mbili, umuulize ni upi uliomfundisha jambo ambalo hukumu yenyewe haikulisema. Akichagua wa pili na wewe ulifurahia zaidi wa kwanza, mwamini yeye kuhusu kipaji chako, ila uchague msimamizi kabla ya kuchagua mada.